Kipima Mvua cha Uani: Mahali pa Kuanzia Kuyajua na Kuyakabili Mabadiliko ya Tabianchi Kusini

Anayeishi Mtwara au Lindi, kusini mwa Tanzania, hahitaji kuambiwa kwamba mvua zimekuwa hazitabiriki, kwa kuwa jambo hilo husemwa kila siku kwenye vijiwe vya kahawa, magulioni na kwenye foleni ya kupima korosho ghalani. Tunachokikosa ni kumbukumbu zetu wenyewe: lini mvua ilianza mwaka juzi, ilikatika kwa muda gani mwezi wa pili, na mikorosho ilichanua lini. Bila kumbukumbu hizo, mtu huishi kwa hisia, na hisia hukuza mwaka mbaya na kuusahau mwaka mzuri. Naishi Mikindani na shamba la familia yetu liko Tandahimba, na ushauri ninaoutoa hapa umetokana na maisha ya kwenda na kurudi kati ya pwani na nyanda za Makonde. Naamini kwa dhati kwamba anayetaka kuyaelewa mabadiliko ya tabianchi na kufanya jambo la maana aanze kwa kupima kilichopo uani kwake, kisha achague kazi ambayo mkono wake unaifikia.

Kipima mvua hakina gharama. Chukua chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, ikate pale inapoanza kuwa nyembamba kuelekea mdomoni, kisha kigeuze kipande cha juu na kukipachika ndani ya kile cha chini ili kiwe faneli. Weka kokoto chini ili chupa isiangushwe na upepo, mimina maji yafunike kokoto hadi pale ambapo ubavu wa chupa umenyooka, na uchore alama kwa kalamu ya wino usiofutika. Hiyo ndiyo sifuri yako. Bandika rula ubavuni kuanzia kwenye alama hiyo. Kiweke mahali pa wazi, mbali na mwembe na mbali na ukingo wa paa, ukisome kila siku saa 3 asubuhi, uandike milimita ulizozikuta, kisha umwage maji na kuyarudisha kwenye sifuri. Siku isiyo na mvua nayo iandikwe, kwa sababu siku kavu zilizofuatana katikati ya msimu ndizo zinazoua mahindi, na mara nyingi ndizo tunazozisahau.

Milimita moja ya mvua iliyoanguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ukishalijua hilo, paa lako hugeuka kuwa hesabu. Nyumba yenye bati la mita 5 kwa 8 ina mita 40 za mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 25, ambayo kwa msimu wetu si mvua kubwa ya kutisha, huleta lita 1,000, na hata ukitoa zinazorukia nje na zinazovuja kwenye mifereji bado unabaki na maji ya kutosha kujaza mapipa kadhaa. Kwa wenzetu wa Newala na Tandahimba, ambako mchanga wa nyanda za juu hunywa maji yote na visima huwa vya shida, hesabu hiyo ina uzito ambao mtu wa mjini hawezi kuuhisi. Huko akina mama wameteremka mabondeni na ndoo vichwani kwa vizazi vingi. Mvua za mwanzo wa msimu ziachwe zioshe vumbi na kinyesi cha ndege kwenye bati kabla ya kuelekeza mfereji kwenye tangi, na tangi lifunikwe ili lisiwe makazi ya mbu.

Pembeni mwa safu ya mvua, fungua safu nyingine ya miti. Mimi huandika wakati mikorosho inapopukutisha majani, inapochipua, inapochanua, na wakati kokwa za kwanza zinapoanguka. Mkulima yeyote wa kusini anajua kwamba maua huhitaji ukavu: mvua au ukungu mzito ukija wakati wa kuchanua, ubwiriunga, ugonjwa wa kuvu, hushambulia maua, salfa iliyopulizwa kwa gharama kubwa ili kuuzuia huoshwa, na mvua ikirudi wakati wa kuokota, korosho hulowa na daraja lake sokoni hushuka. Mwenye kumbukumbu za misimu kadhaa humuuliza bwana shamba, au watafiti wa kilimo wa kituo cha TARI Naliendele wakitembelea kijiji, maswali yenye tarehe ndani yake, na swali lenye tarehe hupata jibu linalofaa kuliko lalamiko la jumla.

Kumbukumbu zako za miaka michache, hata hivyo, haziwezi peke yake kuthibitisha kwamba tabianchi imebadilika, kwa kuwa wanasayansi huangalia wastani wa miaka 30 au zaidi kabla ya kulisema hilo. Ndiyo maana nashauri pia kuwaendea wazee. Usimuulize mzee kama mvua zimepungua, kwa sababu atakujibu kwamba zamani kila kitu kilikuwa bora. Muulize jambo lenye alama ya wakati. Nilipomuuliza bibi yangu walikuwa wakipanda mtama lini, aliniambia, "Mjukuu wangu, kabla ya Operesheni Vijiji tulikuwa tunatia mbegu kabla mvua haijaanguka, tukijua ipo njiani. Leo ukifanya hivyo unawalisha panya." Jibu hilo lina wakati, yaani miaka ya 1970 watu walipohamishiwa vijijini, lina kazi na lina matokeo, na linaweza kulinganishwa na majibu ya wazee wengine waliokuwa wakilima wakati huo huo. Pwani, wavuvi nao huhesabu kwa pepo za kusi na kaskazi, na kwa bamvua, maji yanapojaa sana, na maji mafu, yanapojaa kidogo. Waulize bamvua kubwa ilikuwa ikifika wapi walipokuwa vijana na sasa inafika wapi, nao watakuonyesha kwa kidole.

Chanzo cha tatu ni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambao wengi wetu huusikiliza kwa sikio moja. Mikoa yetu hupata msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na mamlaka hutoa mwelekeo wake kabla haujaanza. Sikiliza maneno yanayotumika: mvua "za wastani hadi juu ya wastani" ni uwezekano uliopimwa, na kama hazikuja kwenye shamba lako, huo si ushahidi kwamba umedanganywa. Tahadhari za siku chache zina uhakika mkubwa zaidi, nazo zinaweza kuokoa maisha. Kimbunga Hidaya, kilichofika pwani yetu karibu na Mafia tarehe 4 Mei 2024, kilitangazwa siku kadhaa kabla. Mvua zake zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika wilaya ya Kilwa, na mikoa ya kusini ikabaki imetengwa na njia yake kuu. Mwaka 2019, mwezi Aprili, Mtwara ilikaa katika tahadhari ya Kimbunga Kenneth, ambacho hatimaye kilipiga Cabo Delgado, ng'ambo ya Mto Ruvuma. Nimewasikia watu wakisema kwamba tahadhari ile ilikuwa ya bure. Ndugu zetu wa Msumbiji waliopoteza nyumba wanajua kwamba haikuwa ya bure. Kimbunga kilipita upande mwingine wa mto, basi.

Wapo pia wanaosema kwamba vimbunga havikuwahi kufika kwetu na kwamba hili ni jambo jipya kabisa. Hilo si kweli, kwani Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952. Vimbunga ni adimu katika pwani iliyo karibu na ikweta kama yetu, lakini vimekuwapo. Kilichobadilika ni bahari na hewa ambamo vimbunga hivyo huzaliwa. Kabla ya enzi ya viwanda, hewa ya dunia ilikuwa na takriban sehemu 280 za kaboni dayoksaidi (hewa ya ukaa) katika kila sehemu milioni. Sasa zimepita 420, kwa sababu ya makaa ya mawe, mafuta na gesi vilivyochomwa, pamoja na misitu iliyofyekwa. Gesi hiyo huzuia joto lisitoke, bahari hupata joto zaidi, na kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Kimbunga cha leo kina maji mengi zaidi ya kumwaga. Kuyajua hayo kunamsaidia mtu asiseme uongo wa upande wowote, yaani asikane kwamba hali imebadilika, wala asiitupie tabianchi lawama za mtaro ulioziba kwa taka.

Tukija kwenye matendo, kwa mkulima wa Mtwara na Lindi kazi ya kwanza ni moto. Kila mwaka, wakati wa kusafisha mashamba, moshi hutanda kuanzia Nachingwea hadi Newala, na mara nyingi moto uliowashwa chini ya mikorosho huvuka mpaka na kuingia porini. Shamba letu halichomwi tena. Majani ya mkorosho ni magumu na hayaozi upesi, kwa hiyo tunayakusanya kwenye mashimo kati ya mistari, tunayachanganya na magugu mabichi na samadi ya mbuzi, na kuyaacha yaloweshwe na mvua za Desemba. Ukifukua baada ya msimu unakuta udongo mweusi wenye unyevunyevu, huku kando yake mchanga uliokuwa wazi ukiwa mkavu na wa moto hata kuukanyaga. Kazi ni nzito kuliko kuwasha kiberiti, na sitaki kumdanganya mtu. Lakini udongo uliofunikwa hushika maji, na kama mvua zitaendelea kukatika katikati ya msimu, unyevu huo ndio akiba pekee aliyonayo mkulima asiye na umwagiliaji. Upande wa Lindi, hasa Kilwa na Liwale, ningeongeza ombi kwa wanaolima ufuta: bei nzuri ya ufuta imefanya misitu mingi ifyekwe kwa mashamba ya misimu michache, na kurudia shamba lile lile kwa kulipokezanisha na mbaazi au kunde hupunguza haja ya kufyeka jipya.

Jikoni mambo ni mepesi zaidi. Mbaazi na maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva kwa mkaa mchache sana kuliko yasiyolowekwa, na sufuria ikifunikwa mkaa hupungua tena. Kwetu, chungu cha mbaazi kikishachemka vizuri tunakiingiza kwenye kapu lililojazwa matambara, tunakifunika, na kinaendelea kuiva bila moto. Mwenye uwezo anunue mtungi wa gesi au atumie umeme, na mwenye nyumba iliyofikiwa na bomba la gesi asilia mjini Mtwara au Lindi afanye hivyo bila kusita. Gesi, ikiwemo inayotoka Mnazi Bay na Songo Songo, nayo hutoa kaboni inapochomwa, kwa hiyo si dawa ya kudumu. Lakini ukilinganisha na gunia la mkaa lililotoka kwenye misitu ya miombo ya bara yetu, kwa afya ya mpishi na kwa msitu, naona uamuzi hauna utata.

Kwa wakazi wa pwani, naomba tahadhari moja kuhusu mikoko. Upandaji wa mikoko umekuwa jambo la kupendwa, watu huja na fulana mpya, wanachomeka miche kwenye matope na kupiga picha, na baada ya kusi moja hakuna kilichobaki. Kila aina ina mahali pake: mlilana husimama mbele kabisa baharini, mkoko wenyewe hufuata, na mchu hustahimili sehemu zenye chumvi nyingi nyuma. Kabla ya kupanda, muulize mzee wa pale ni aina gani ilikuwapo na ni nani aliyeikata, na kama maji bado yanaingia na kutoka bila kizuizi. Mara nyingi mahali palipolindwa dhidi ya ukataji hujiotea penyewe, kwa miche inayoletwa na maji ya bahari, na kazi yenye faida kubwa kuliko kupanda ni kuzuia panga. Misitu ya mikoko ni hifadhi ya serikali na haikatwi bila kibali, jambo ambalo wauzaji wengi wa nguzo hujifanya hawalijui.

Najua swali linalofuata, kwa sababu nimeulizwa mara nyingi: Afrika nzima inachangia chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa ya dunia, basi kwa nini mkulima wa Tandahimba abebe mzigo wa waliojitajirisha kwa makaa ya mawe? Swali ni la haki, na jibu langu ni kwamba mzigo wa kupunguza gesi hizo si wake kwanza. Nchi tajiri ziliahidi katika Mkataba wa Paris wa 2015 na zinapaswa kushikwa kwa ahadi zao, na mfuko wa hasara na uharibifu kwa nchi zinazoathirika uliokubaliwa Misri mwaka 2022 ni deni, wala si sadaka. Lakini maji ya tangini, udongo wenye unyevu na mikoko iliyosimama ni kinga yake yeye na watoto wake, na hakuna mkutano wa kimataifa utakaomletea.

Kinga hiyo huwa na nguvu ikiwa ya kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga na kumiliki msitu wake. Vijiji kadhaa vya Kilwa vimefanya hivyo na vimeuza mpingo kwa utaratibu na mapato kuingia kijijini. Nenda na daftari lako kwenye mkutano unaofuata. Omba ajenda mbili: sheria ndogo ya moto yenye tarehe ya mwisho ya kuchoma na jina la anayetoa ruhusa, na mahali ambapo utabiri wa msimu utabandikwa ukishatolewa, ili asiye na redio naye ausome kabla ya kununua mbegu. Mwenyekiti akisema muda hautoshi, mwombe aiandike ajenda hiyo kwenye muhtasari, na mkutano mwingine ukiitishwa uende tena.