GPS ya mkononi juu ya Kivu: milima utaiona, mvua hutaiona

Anayeagiza GPS ya mkononi ya ndege kutoka Marekani huvutwa na picha moja: mvua ya kijani, njano na nyekundu ikitembea juu ya ramani. Picha hiyo huletwa na setilaiti za SiriusXM au na vituo vya ardhini vya FIS-B (huduma ya kurushia marubani hali ya hewa), na vyote viwili vinahudumia Amerika Kaskazini. Juu ya Goma au Bukavu, mashariki mwa Kongo, antena ya ziada ya kuipokea ni mzigo tu.

Pesa yake iweke kwenye hifadhidata, yaani ramani na data zilizomo ndani ya chombo. Chombo kilichouzwa kwa soko la Marekani mara nyingi huja na ramani za Amerika, ilhali Afrika imo katika eneo ambalo Garmin, mtengenezaji wa vyombo hivi, huliita Atlantic. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji asogeze ramani hadi FZMA, yaani Kavumu, uwanja wa ndege wa Bukavu, akuonyeshe ukurasa wa milima. Uliza pia ramani ya ardhi ni ya kipimo gani. Ya sekunde 30 za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3,600 ya digrii) hupima ardhi kila baada ya mita 900 hivi, kwa hiyo bonde jembamba na kingo zake hugeuka kitu kimoja. Ya sekunde 9 ni karibu mita 280, na hiyo ndiyo inayofaa kwetu.

Kwa milima, chombo hiki kinastahili bei yake. Katika vyombo vya Garmin, nyekundu ni ardhi iliyokuzidi kimo au iliyo chini yako kwa futi zisizozidi 100. Njano ni ile iliyo kati ya futi 100 na 1,000 chini yako. Nyeusi ni iliyo chini zaidi ya hapo. Ukiwa futi 9,500 kuelekea Kavumu, mlima Kahuzi (mita 3,308) itawaka nyekundu na Biega (mita 2,790) itakuwa njano. Hiyo njano isikutulize, maana Biega imebakiza futi 350 tu kukufikia.

Rangi hulinganisha ardhi na kimo ulicho nacho dakika hiyo. Hazijui ndege yako inapanda vipi. Uwanja wa Goma uko takriban futi 5,090, na kilele cha volkano ya Nyiragongo, mita 3,470, kiko kaskazini yake kwa kilomita 17 hivi. Hiyo ni kupanda futi 6,300 katika umbali mfupi sana. Kukiwa na nyuzi 25 pale Goma, hewa ina joto la nyuzi 20 juu ya kiwango sanifu cha kimo hicho, na injini na mabawa hufanya kazi kana kwamba uko futi 7,500. Hesabu ya kupanda ifanye kwenye kitabu cha ndege kabla ya kuwasha injini, skrini haitakufanyia.

Tafuta kwenye mipangilio muda wa onyo la mbele (sekunde ambazo chombo hukuonya kabla hujafikia mlima), na uuongeze hadi sekunde 120 kama chombo kinaruhusu. Sababu ni hii: kwa noti 160 (maili za baharini kwa saa) na mwinamo wa mabawa wa digrii 30, kugeuka nyuma kunahitaji upana wa kilomita 2.4 na sekunde 46. Ukiliacha kwenye sekunde 60, muda wa kushtuka na kuamua ni mfupi zaidi. Na wale wanaozima onyo kwa sababu linapiga kelele wakiwa bado chini uwanjani, aghalabu husahau kuliwasha.

Usishangae GPS ikisoma juu kuliko altimita, yaani kipima kimo kinachotumia shinikizo la hewa. Hewa ya moto hutanuka, na altimita hukosea kama asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za joto lililozidi, ikihesabiwa kutoka kituo kilichokupa QNH (shinikizo la hewa unaloiwekea altimita). Kwa mfano wetu, ukiwa futi 4,400 juu ya Goma, tofauti ni kama futi 350. Kimo cha kuongea na mnara na kupishana na wenzako ni cha altimita. Kwa mlima, chukua kinachosoma chini kati ya viwili.

Tukirudi kwenye mvua: tegemeo letu ni picha za setilaiti za Meteosat, ambazo hutolewa kila dakika 10 hadi 15, ukizitazama kwenye simu kabla ya kuondoka. Goma hadi Kavumu ni kama kilomita 85, yaani dakika 17 kwa noti 160. Picha ikikufikia, inaweza kuwa na umri wa karibu safari nzima. Radi inayotembea noti 30 imeshasogea kilomita 14 katika dakika 15. Ushauri wa kukaa maili 20 za baharini kutoka kwenye radi kali ni kilomita 37; pima hizo kwenye Ziwa Kivu, lisilofika kilomita 50 penye upana wake mkubwa, utaona kwamba wingu moja katikati ya ziwa limeshafunga njia. Ondoka asubuhi, kabla mawingu hayajasimama juu ya milima.

Ufungaji ni mambo machache. Weka antena ione anga, mbali na dira, na kumbuka kioo chenye nyaya za joto huzuia mawimbi. Adapta ya gari ya volti 12 usiichomeke kwenye ndege ya volti 28. Chombo kisiachwe juani: betri ya lithiamu ikipata joto kali hukataa kuchaji.

Mwisho, mawimbi yenyewe. Mwaka 2024 MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, ililalamika hadharani kuhusu kuvurugwa kwa GPS Kivu Kaskazini. Dalili ni saa kuruka, kasi isiyowezekana, ndege kuhamia ghafla mahali pengine kwenye ramani, au kimo cha GPS kuachana na altimita kuliko ile tofauti uliyoizoea. Hapo rangi zote ni za uongo, hata nyeusi. Shika dira na ukingo wa ziwa, panda hadi kimo salama ulichoandika kwenye karatasi, na kama wingu limefunga, rudi. Mawimbi yakitulia, zima chombo, kiwashe upya, kisha linganisha kimo chake na altimita kabla ya kukiamini tena.