Kabla ya madaftari, tafuteni maji

Wazazi wenzangu mlioko kwenye kamati za shule hapa Goma, mwaka wa masomo ukianza kila mtu huja na lake: huyu anataka madaftari, yule rangi ya ukuta. Nawaomba mdai maji kwanza. Nimekaa kwenye kamati ya shule moja ya msingi huku Majengo miaka kadhaa sasa, na mtoto asiyeonekana darasani mara nyingi si mvivu. Ama katumwa maji na bidoni, yaani dumu, mgongoni, ama tumbo linamsumbua.

Mji wetu umekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, mlima wetu wa moto. Kuchimba kisima hapa ni kuvunja mwamba, kwa hiyo tunategemea pampu zinazovuta maji ya ziwa Kivu. Umeme ukikatika robine, yaani mabomba, zinakauka, na watu wanateremka Kituku, ufukweni mwa ziwa, kuchota wenyewe. Hapo ndipo kipindupindu kinapopata njia. Wakubwa wanakumbuka mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walivyokufa kwa maelfu katika majuma machache.

Kando ya ziwa kuna vijana wanaotia klorini kwa bomba la sindano kwenye kila bidoni. Waacheni watie, hata kama harufu haiwapendezi, kisha msubiri nusu saa kabla ya kunywa. Ila maji hayo hayo huharibikia nyumbani na shuleni, kwenye kikombe kimoja kinachochovywa na mikono mia. Shuleni wekeni ndoo yenye kifuniko na robine, juu ya meza, na mwalimu mmoja anayejulikana kwa jina awe ndiye wa kuishughulikia kila asubuhi. Mkisema ni kazi ya wote, mtakuta ndoo kavu.

Sabuni ya kipande haimalizi juma. Inaondoka, na tusiwasingizie watoto peke yao. Sisi tulihamia maji ya sabuni: chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, sabuni ya unga kidogo ndani, kifuniko kimetobolewa kwa msumari, chupa imefungwa kwa kamba karibu na choo. Haina bei na hakuna anayeitamani.

Sasa choo, ambacho ndicho kigumu kuliko vyote. Tangu elimu ya msingi ifanywe bure kwenye shule za serikali, Septemba 2019, madarasa yalifurika na vyoo vikabaki vile vile. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni tundu moja kwa wasichana 25, na tundu moja pamoja na sehemu ya kukojolea kwa wavulana 50. Hesabuni ya kwenu mkiwa mmekaa. Binti aliyevunja ungo akikosa mlango unaofungwa na maji ya kujisafisha, siku zake anazimalizia nyumbani, na hesabu za juma hilo zinampita. Mfadhili akija na ramani nzuri ya choo, baba mwenyekiti, muulize swali moja kabla ya kupiga picha naye: kikijaa nani atakitoa, na kwa pesa gani? Kwenye mwamba huu shimo ni fupi, linajaa upesi. Nimeona vyoo vya saruji safi kabisa vikitiwa kufuli kwa sababu hiyo.

Dawa ya minyoo msiidharau. Huko Busia, Kenya, wanauchumi Michael Kremer na mwenzake Edward Miguel walifuatilia shule 75 zilizogawiwa dawa hiyo kwa zamu, na utoro ulipungua kwa karibu robo. Hata watoto wa shule jirani ambazo hazikupewa walinufaika, maana minyoo ilipungua ardhini. Kwa hiyo reko, mhudumu wa afya wa kujitolea wa mtaa, akipita na vidonge, msimruhusu mzazi amfiche mtoto wake.

Na kila mwalimu ajue kuchanganya maji ya kuzuia ukavu: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Chumvi ikizidi inadhuru, na pakiti ya dawa ya kuzuia ukavu (ORS) ikiwepo itumieni hiyo. Mtoto akianza kuhara maji meupe kama ya kuoshea mchele, msingoje mama yake atoke sokoni. Mpandisheni pikipiki na mtu mzima, wakimbilie kituo cha afya, huku anakunywa njiani funda kwa funda.