Maswali na majibu: Nani kateuliwa, nani kakatwa, na kura kapiga nani

Msimu wa tuzo za filamu umeingia na ujumbe wenu umenifikia kwa wingi, mwingine wa furaha, mwingi wa hasira. Nimeanza na ule wenye hasira.

Wajumbe si watu! Barbie iliteuliwa kuwania Filamu Bora kwenye Oscar, lakini Greta Gerwig aliyeiongoza akakatwa kwenye uongozaji. Miaka imepita na bado sijaelewa. Kwani filamu ilijiongoza yenyewe?
*Msomaji wa Dunda*

Ndugu yangu, unawahesabu wajumbe kama kundi moja, kumbe ni makundi mengi. Academy ya Marekani, wenye tuzo za Oscar, imegawanyika kwa taaluma. Uteuzi ukifika, waigizaji huteua waigizaji, wahariri huteua wahariri, wabunifu wa maleba huteua wenzao, na waongozaji huteua waongozaji. Filamu Bora ndiyo inayoteuliwa na wanachama wote kwa pamoja. Kwa hiyo Januari 2024 umma mzima wa Academy uliiweka Barbie kati ya filamu 10, halafu waongozaji peke yao wakachagua majina 5: Christopher Nolan, Martin Scorsese, Yorgos Lanthimos, Justine Triet na Jonathan Glazer.

Itazame orodha hiyo vizuri. Triet ni Mfaransa, Lanthimos ni Mgiriki, Glazer ni Mwingereza. Waongozaji wa Academy wametapakaa dunia nzima, na ladha yao mara nyingi huelekea sinema ya Ulaya kuliko filamu zinazojaza kumbi za Marekani. Chama cha waongozaji cha Marekani, DGA, mwaka huohuo kilimteua Gerwig. Kazi ilikuwa ileile, waliobadilika ni wapiga kura.

Wengi pia wanasahau kwamba Gerwig aliteuliwa kwa muswada, pamoja na Noah Baumbach, na Margot Robbie, nyota wa filamu hiyo, aliyeliliwa na watu kwa kukosa uteuzi wa uigizaji, aliteuliwa kama mtayarishaji. Hata hivyo, mimi ningempa Gerwig ile nafasi ya uongozaji. Kumfanya mtu acheke na kulia ndani ya dakika ileile ni kazi ngumu, na waongozaji wenzake wameidharau kwa muda mrefu mno.

Kukatwa huko pia hakuui filamu. Argo mwaka 2013, Green Book mwaka 2019 na CODA mwaka 2022, zote zilibeba Filamu Bora ilhali waongozaji wake hawakuteuliwa.

Shikamoo Mwalimu. Kila mwaka linaibuka jina ambalo hakuna aliyelitabiri. Mwaka 2023 alikuwa mwigizaji Andrea Riseborough, kwenye filamu ambayo karibu hakuna aliyeiona. Hapo hakuna mkono wa mtu?
*Kijana wa Magomeni*

Marahaba mwanangu. Academy iliichunguza kampeni ya kumwombea kura, na uteuzi ukaachwa palepale. Jibu la swali lako limo kwenye hesabu, na ukiielewa hesabu hii utakuwa umewapita wabashiri wengi.

Katika vipengele vingi vyenye nafasi 5, mpiga kura hupanga majina kwa mfuatano, namba moja mpaka namba tano. Tuchukue mfano wa kura 600. Unagawa 600 kwa 6 (nafasi 5 jumlisha 1), unapata 100, unaongeza 1. Basi mwenye kura 101 za namba moja kapita, hata kama wale 499 waliobaki hawakumwandika kabisa. Aliyeshika mkia anaondolewa, na karatasi zake zinahamia kwa jina linalofuata juu yake, hivyo hivyo mpaka nafasi zijae.

Maana yake, kwenye uteuzi ni afadhali watu 101 wanaokupenda kwelikweli kuliko watu 500 wanaokuweka namba nne kwa heshima tu. Riseborough alipata hao wachache. Waigizaji wenzake wenye majina makubwa walisimama hadharani wakawaambia wengine: itazameni kazi ya huyu mama. Wakaitazama, wakamweka juu.

Sasa geuza shilingi. Kura ya mwisho ya Filamu Bora haiendi hivyo. Pale wanachama hupanga filamu zote 10, iliyo chini inaondolewa na kura zake kugawiwa kwa chaguo linalofuata, mpaka moja ivuke nusu. Hapo namba mbili na namba tatu zina thamani kubwa. Filamu inayopendwa sana na wachache na kuchukiwa na wengi inaweza kuteuliwa vizuri kabisa na isishinde. CODA ilikuwa na teuzi 3 tu, ikashinda zote 3, Filamu Bora ikiwemo, kwa sababu ilikuwa vigumu kumpata mtu aliyeichukia.

Majina yanatangazwa saa ngapi kwetu?
*Wengi mmeuliza*

Miaka ya karibuni ni saa kumi na nusu alasiri, wakati Los Angeles ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Sherehe yenyewe, Machi, inatukuta usiku wa manane, saa nane au saa tisa, kutegemea kama Wamarekani wameshasogeza saa zao mbele.

Mwalimu, mimi na mume wangu hushindana kubashiri. Yeye hufuata tuzo za Golden Globes, nami hufuata moyo. Wote hukosa. Tufuate nini?
*Dada wa Majengo*

Mwambie shemeji aziangalie Golden Globes kwa ajili ya nguo na hotuba. Wapiga kura wake ni waandishi wa habari, na hawana kura kwenye Oscar. Ukitaka dalili, nenda kwenye vyama vya wanataaluma wenyewe: DGA cha waongozaji, PGA cha watayarishaji, na kile cha waigizaji, SAG-AFTRA. Wanachama wa Academy wengi wamo pia kwenye vyama hivyo, kwa hiyo unakuwa unawasikia wapiga kura wenyewe kabla hawajaingia kwenye chumba cha kura. PGA wana faida nyingine: nao huteua filamu 10 na huchagua mshindi kwa kupanga mfuatano, kama Oscar. Ongeza tuzo za BAFTA za Uingereza, maana wanachama wa Academy walioko nje ya Marekani wameongezeka sana.

Ongezeko hilo lina historia yake. Mwaka 2015 na 2016, waigizaji wote 20 walioteuliwa, kila mwaka, walikuwa weupe. Kelele zilizopigwa zilikuwa za haki, na Academy ikalazimika kualika wanachama wengi wapya, wanawake, watu weusi na watu wa nchi nyingine. Anayebashiri leo kwa mazoea ya mwaka 2010 anaibashiri Academy ambayo haipo tena.

Nasomea uigizaji hapa Bagamoyo. Kwenye Judas and the Black Messiah, Daniel Kaluuya na LaKeith Stanfield wote waliteuliwa kama waigizaji wasaidizi. Sasa stelingi alikuwa nani?
*Mwanafunzi*

Swali zuri sana, na darasa lenu lijadili. Kampuni ilimnadi Stanfield kama mwigizaji kiongozi. Lakini kampuni hupendekeza tu, anayeamua kipengele ni mwigizaji mwenye karatasi ya kura. Waliokuwa wakimpenda Stanfield wengi walimwandika kwenye usaidizi, akafikisha idadi huko kwanza, basi akahesabiwa huko. Kaluuya, ambaye wazazi wake ni Waganda, ndiye aliyeshinda mwaka huo wa 2021.

Utaratibu huu unaniuma. Uigizaji msaidizi ulikusudiwa kumwinua yule anayeingia kwa matukio manne au matano na kuibadilisha filamu nzima. Nyota aliyebeba nusu ya hadithi akisogezwa huko ili apate ushindani mwepesi, anayeumia ni mwigizaji mdogo ambaye hiyo ndiyo nafasi yake pekee ya kuonekana. Wewe unayejifunza sasa, zisome dakika: nani anaanzisha mambo, uamuzi wa nani unaisukuma hadithi mbele. Huyo ndiye kiongozi, hata kama bango linasema vingine.

Filamu ya Kiswahili inaweza kuteuliwa Oscar, au tunajidanganya?
*Msomaji wa Kaole, na wengine wengi*

Inaweza, na swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote yaliyokuja. Kipo kipengele cha Filamu Bora ya Kimataifa. Kila nchi huleta filamu moja tu, inayochaguliwa na kamati ya wanataaluma wa nchi hiyo. Zote zikishafika, zinachujwa mpaka 15, kisha 5. Tanzania tumeshafika mlangoni: Maangamizi iliwasilishwa mwaka 2001, kisha tukakaa zaidi ya miaka 20 mpaka Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, kutoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, ilipowasilishwa mwaka 2022. Zote mbili hazikuteuliwa. Lakini miaka 20 ya kukaa kimya ndiyo inayonisikitisha zaidi, maana asiyewasilisha hana hata haki ya kulalamika kwamba amekatwa.

Masharti ya kuangalia ni mawili. La kwanza ni lugha: zaidi ya nusu ya mazungumzo yasiwe ya Kiingereza. Mwaka 2019 Nigeria walileta Lionheart ya Genevieve Nnaji ikaondolewa, kwa sababu Kiigbo kilikuwa dakika kama 11 tu ndani ya filamu ya dakika 95. Kwetu hilo ni neema. Filamu zetu zinaongea Kiswahili tangu mwanzo mpaka mwisho bila kulazimishwa na mtu.

Sharti la pili ndilo gumu: filamu ionyeshwe kwenye ukumbi wa sinema wa biashara nje ya Marekani, watu wakilipa kiingilio, siku 7 mfululizo, kabla ya kwenda kwenye televisheni au mtandaoni. Kenya mwaka 2018 jambo hili lilifika mahakamani. Rafiki ilikuwa imepigwa marufuku, na jaji akaifungulia kwa siku 7 ili iweze kutimiza sharti, ambalo wakati huo lilitaka ukumbi wa nchini mwake. Mwishowe kamati ya Kenya ikachagua Supa Modo, lakini oneni jinsi siku 7 zilivyopiganiwa. Sisi filamu inamalizwa kuhaririwa Ijumaa, Jumamosi iko YouTube, na mlango umeshajifunga. Siwalaumu, mtayarishaji ana madeni na mtandao unalipa haraka kuliko ukumbi. Sisi wa Bagamoyo wenyewe tukitaka sinema ya kukata tiketi tunapanda gari mpaka Dar. Lakini mwenye filamu anayoiamini aifanyie hesabu ya siku 7 kabla ya kupiga picha ya kwanza.

Na Afrika imeshashinda kipengele hicho mara tatu: Algeria kwa filamu iitwayo Z, Côte d'Ivoire kwa filamu iliyotuzwa mwaka 1977, na Afrika Kusini kwa Tsotsi mwaka 2006. Mbili za mwanzo ziliongozwa na wageni kutoka Ulaya. Tsotsi iliongozwa na Gavin Hood, mzaliwa wa Afrika Kusini, na wahusika wake wanaongea lugha za mtaani kwao.

Tuna filamu fupi tuliyoitengeneza kama mradi wa chuo. Tuanzie wapi?
*Vijana watatu, karibu na TaSUBa*

Hakikisheni haizidi dakika 40, majina ya mwisho yakiwemo. Filamu fupi haihitaji kamati ya taifa. Inaingia kwa kushinda kwenye tamasha lililo kwenye orodha ya Academy, na kwa Afrika, Durban imo. Ipo pia njia ya tuzo za Academy za wanafunzi, na njia hiyo imeshapitiwa na Kiswahili. Watu Wote, iliyoongozwa na Katja Benrath akiwa mwanafunzi Hamburg, ilirekodiwa Kenya, watu wakiongea Kiswahili na Kisomali, kuhusu abiria Waislamu waliowakinga Wakristo kwenye basi lililovamiwa. Ilishinda tuzo ya wanafunzi mwaka 2017, na mwaka uliofuata ikateuliwa Oscar yenyewe. Basi hadithi ya pwani au ya bara inayosemwa kwa lugha yetu imeshakaa kwenye ile orodha ya 5. Na rekebisheni sauti kabla ya kutuma. Upepo wa bahari yetu ni mtamu masikioni lakini unaua mazungumzo.

Naweza kuweka mkeka kwenye Oscar?
*Kijana wa stendi*

Usiweke. Kura zinahesabiwa na watu wachache waliokula kiapo cha kutunza siri, na dalili zote nilizoeleza hapo juu zimewahi kukosea.

Kwenye AMVCA, zile tuzo za filamu za Afrika zinazotolewa Nigeria, tuliwapigia kura wasanii wetu sana na wengine hawakushinda. Kura zetu zinakwenda wapi?
*Shabiki wa Bongo Movie*

Si kila kipengele kinaamuliwa na watazamaji. Vingine vinaamuliwa na jopo la majaji, kwa hiyo soma kwanza kipengele chako ni cha nani. Na wetu wameshashinda: mwaka 2016 Elizabeth Michael "Lulu" na Single Mtambalike "Richie" walirudi na tuzo. Kwa upande wa ZIFF, tamasha la filamu pale Zanzibar, Jahazi la Dhahabu hutolewa na majaji, na mimi huthamini tuzo ya namna hiyo kwa sababu mtu ameketi akaitazama kazi yote.

Oscar nao wameliona hilo. Tangu Aprili 2025 wametangaza kwamba mwanachama hapigi kura ya mwisho kwenye kipengele mpaka awe ametazama filamu zote zilizoteuliwa humo. Nashangaa ilichukua karibu miaka 100.

Nina bando la filamu mbili tu kabla ya usiku wa tuzo. Nizitazame zipi?
*Mama wa watoto wawili, Dunda*

Shikamoo mama. Majina yakitoka, usikimbilie kwenye Filamu Bora. Shuka mpaka uhariri na muswada, utafute filamu zilizomo kote kuwili. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, washindi wa Filamu Bora karibu wote walikuwa wameteuliwa pia kwenye uhariri. Birdman na CODA ni kati ya zile chache zilizokiuka. Kisha angalia kipengele kipya cha watu wanaotafuta na kuchagua waigizaji, kilichoanza na filamu za mwaka 2025. Ukikuta filamu imo na humo, anza nayo hiyo, na watoto wakishalala ndiyo uiwashe, maana nyingi si za umri wao.