Maswali na Majibu: Msongamano, Foleni na Pua Iliyoziba

Mwalimu, neno msongamano limetoka wapi, na je, ni sawa na foleni? (Msomaji wa Birere, Goma)

Mzizi wake ni kitenzi songa, kilekile cha jikoni: anayesonga ugali huukandamiza unga kwa mwiko mpaka ushikane. Tukiongeza -mana, kama katika shikamana na fungamana, tunapata songamana, yaani kubanana kwa vitu vingi, na kutoka hapo msongamano. Foleni ni jambo jingine, kwa kuwa ina mpangilio: kila mtu anamjua aliye mbele yake, na zamu inasogea hata kama ni polepole. Asubuhi pale Petite Barrière, kivuko cha mpakani kati ya Goma na Rwanda, watu wanapopanga mstari wakisubiri kuvuka, hiyo ni foleni. Lakini chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, yenye magunia ya makaa ikikwama njiani, pikipiki zikaipita kulia na kushoto, na akina mama wenye beseni za nyanya kichwani wakakosa pa kukanyaga, huo ndio msongamano. Naomba sana tusiyachanganye maneno haya mawili, maana tukifanya hivyo tunapoteza tofauti ambayo lugha yetu imetupatia bure.

Sisi madereva tunasema embouteillage. Tuliache?

Katika mazungumzo, hapana. Neno hilo la Kifaransa, lililotokana na bouteille, yaani chupa, linafaa kwa magari. Msongamano unabeba zaidi: wanafunzi darasani, wafungwa gerezani, hata simu zinazopigwa kwa wakati mmoja mpaka mtandao ukalemewa.

Mwanangu ana mafua, na kwenye karatasi ya dawa nimesoma congestion. Niseme ana msongamano wa pua? (Mama wa Himbi)

La, mama, sema pua imeziba, na muuguzi atakuelewa mara moja. Katika Kifaransa cha tiba, congestion ni damu kujaa kupita kiasi katika sehemu ya mwili, na kweli mtoto akiwa na mafua mishipa midogo ya ndani ya pua hutanuka, utando ukavimba, njia ya hewa ikawa nyembamba. Hata hivyo, msikiaji wa Kiswahili akisikia msongamano hufikiria vitu vingi vinavyogombea nafasi moja, na ndani ya pua ya mtoto hakuna umati.

Je, "musongamano imekuwa mukubwa" ni sahihi?

Nyumbani tunasema hivyo na tunaelewana vizuri. Katika maandishi rasmi andika "msongamano umekuwa mkubwa", na wingi wake "misongamano imekuwa mikubwa".