Usiseme tu "naumwa uti wa mgongo"

Juzi kuna dogo kanitumia meseji, "kaka nina uti wa mgongo, nifanyeje?" Nikacheka peke yangu, maana uti wa mgongo tunao wote labda uwe konokono, halafu kicheko kikakata, nikakumbuka hata mimi nilianza hivyohivyo.

Ilikuwa wakati najenga. Fundi kachelewa, saidia fundi hayupo, nikajifanya mwanaume nikainama kunyanyua mfuko wa simenti, kilo 50, magoti nimeyanyoosha kama nasujudia mzigo. Kiuno kikalia ko! Nikabaki nimeinama hapohapo kama herufi C.

Nikaandika kwenye grupu la ukoo, "naumwa uti wa mgongo, niombeeni." Sikujua nimeandika nini. Kesho yake asubuhi shangazi kashuka na basi kutoka Tanga, analia, kwake yeye uti wa mgongo ni ile homa ambayo mahujaji wanachanjwa kabla ya kwenda Hija. Na ile kweli inaua, ni uvimbe wa utando unaofunika ubongo na ugwe mgongo, ile kamba ya neva iliyo ndani ya uti wa mgongo. Mimi nilikuwa na kiuno tu! Mpaka leo wananitania, na nauli nilirudisha mimi.

Haikuishia hapo. Nikamtuma kijana duka la dawa na meseji nimeifupisha, "DAWA YA UTI, INAUMA SANA." Muuzaji kasoma UTI ya Kiingereza, maambukizi ya njia ya mkojo, kijana karudi na sipro, antibayotiki. Nimemeza dozi nzima ya maambukizi ya mkojo kwa ajili ya mgongo, na nikawa nasema naona nafuu kidogo.

Baadaye nikaenda kwa mkandaji, yule wa kukukanyaga kwa miguu. Sitaki kulisimulia sana hilo. Nilitoka pale mguu wa kushoto unawaka kuanzia takoni mpaka kwenye kidole gumba, shemeji yangu anasema nadeka nakwepa kazi (shemeji, najua unasoma). Eksirei ikatoka safi, "mifupa mizima," maneno ya shemeji yakapata nguvu. Kumbe eksirei inaonyesha mifupa, diski, ile mito laini ya katikati ya mifupa, haionekani pale. Ilionekana kwenye MRI, kipimo cha picha kinachoonyesha hata sehemu laini.

Daktari aliyenisomea alichora kwenye bahasha, na mchoro ule ndio ulinifungua macho. Uti wa mgongo ni pingili, yaani mifupa iliyopangana, 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, kisha zile zilizoungana mpaka kifandugu. Katikati ya pingili na pingili kuna diski, kama mto laini. Ndani ya tundu la pingili unapita ugwe mgongo, kamba ya neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo, na cha ajabu haifiki chini, kwa mtu mzima inaishia pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, baada ya hapo zinaning'inia neva kama mkia wa farasi. Diski yangu ya kati ya pingili ya 4 na ya 5 ilichomoza ikabana neva moja. Ndo maana kiuno kiliumia mguu ukalia.

Sasa nyie mnaotaka kujenga, kubeba, kuhangaika kama mimi, sikilizeni. Semeni panapouma, panakoelekea, na kama pana ganzi. Mkinyanyua kitu kunjeni magoti, mzigo uwe karibu na tumbo. Msilale wiki nzima kitandani, mimi nililala hata sakafuni na haikunisaidia, kilichonisaidia ni mazoezi niliyopewa na kutembea kila siku, mazoezi jamani, mazoezi, sikupasuliwa. Na ukiona ganzi sehemu za siri, au mkojo hautoki au unatoka bila taarifa, au miguu yote inaishiwa nguvu, hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, usimsubiri shangazi.

Wiki iliyopita nimembeba mwanangu mgongoni toka kituoni mpaka nyumbani. Nilipita makusudi mbele ya duka la shemeji.

Dogo nilimjibu yote haya kwa voisi noti ya dakika tisa. Akaandika, "poa kaka, ila mshikaji wangu ananikanyagia mgongo kila jioni, nimwambie aendelee?" Nikampigia simu hapohapo.