Domeni Nyingi, Seva Mbili za Majina: Maswali Yenu

Nina domeni tatu: ya duka langu la vipuri hapa Kondele, ya kikundi chetu cha akina mama, na ya binti yangu mpiga picha. Je, kila moja inahitaji seva zake za majina? (Kisumu)

Hapana, mama. Seva mbili zinatosha domeni tatu, yaani majina matatu ya tovuti, hata mia tatu. Kazi ya seva ya majina ni kujibu maswali: tovuti ya jina hili iko anwani gani ya IP (namba ya kompyuta kwenye mtandao), na barua pepe zake zipelekwe wapi? Kila domeni ina rekodi zake humo, na rekodi hizo kwa pamoja huitwa zoni.

Ingia kwa msajili, yaani kampuni iliyokuuzia domeni, uandike seva zile zile mbili kwa kila jina. Kisha nenda kwa kampuni inayokuhifadhia tovuti uongeze domeni zote tatu huko pia. Hatua hii ya pili ndiyo watu huisahau. Bila zoni, seva huulizwa habari za jina isilolijua, nayo hukataa kujibu.

Nilibadilisha seva za majina Ijumaa. Jumamosi mimi naona tovuti mpya, mteja wangu wa Naivasha anaona ya zamani, na barua pepe za ofisi hazifiki. Nimeharibu nini? (Nakuru)

Upande wa tovuti hujaharibu chochote. Mitandao huweka majibu kwa muda uliopangwa kwa sekunde, na 86400 ni siku nzima. Mteja wako bado anapewa jibu la zamani. Subiri.

Barua pepe ndizo za kushughulikia leo hii. Ukibadili seva za majina umehama zoni nzima, si tovuti peke yake. Rekodi ya MX, inayoelekeza barua, imebaki kwenye zoni ya zamani. Zoni mpya isipokuwa na MX, barua hupelekwa kwenye anwani ya tovuti yenyewe, na seva ya huko huenda ikazikataa. Fungua paneli ya zamani, yaani ukurasa wa mipangilio wa kampuni uliyohama, nakili rekodi zote: A (anwani ya IP ya jina), CNAME (jina linaloelekeza kwa jina jingine), MX, na zile za TXT zinazothibitisha kwamba barua ni zako kweli. Ziandike upande mpya. Nakuomba sana, usifunge akaunti ya zamani hadi siku kadhaa zipite. Safari nyingine, nakili kwanza, uhame baadaye.

Ninatengenezea shule tovuti na ningependa seva zenye jina langu, ns1 na ns2. Inawezekana? (Kakamega)

Inawezekana, ila kuna fundo la kufungua. Ili mtu aipate ns1 iliyo ndani ya domeni yako, lazima aiulize seva ya domeni yako, ambayo ndiyo hiyo hiyo ns1. Kwa hiyo anwani za IP za seva hizo husajiliwa ngazi ya juu, na kwa majina ya .ke ngazi hiyo ni KeNIC, shirika linalosimamia majina hayo. Kazi hii unaifanya kupitia msajili wako, kabla ya kuzitumia seva hizo.

Ziwe mbili kweli, kwenye mitandao tofauti. Majina mawili yanayoelekea kompyuta moja hayakusaidii: ikizima, shule zote zinapotea pamoja. Kwa anayeanza, ningekushauri utumie seva za kampuni kwanza.

Na jambo linalonigusa zaidi: sajili kila domeni kwa jina la shule na barua pepe ya shule, si yako. Walimu wakuu huhamishwa, mafundi huondoka, na shule ikakosa ufunguo wa jina lake yenyewe.

Naweza kuchanganya .co.ke na .com kwenye seva moja? (Busia)

Ndiyo, bila shida.

Nitajuaje mabadiliko yameshika? (Bungoma)

Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika `nslookup -type=ns` ikifuatwa na domeni yako. Zikitajwa seva mpya, mtandao wako umeshayapata. Rudia kwa kila domeni, kisha ujaribu tena kwa intaneti ya simu.