Barua za Afisini: "Mwenyekiti, basi tumeamua nini?"

Mwezi huu nimechagua barua tatu, zote za hapa Mombasa na zote za jambo moja: mikutano ya kazini na kumbukumbu zake. Nimezifupisha, na majina nimeyaweka pembeni kama ilivyo ada ya safu hii.

Shikamoo Mama. Mimi ni karani katika kampuni ya uwakala wa forodha, Shimanzi. Mhazili wetu amekwenda likizo ya uzazi, na meneja ameniambia mimi ndimi katibu wa mkutano wa kila Jumatatu: niuitishe, niuandae, niandike kumbukumbu. Sijafunzwa chochote zaidi ya ile insha ya kumbukumbu ya shule ya upili. Mkutano wa kwanza niliandika kurasa saba mpaka mkono ukaniuma. Meneja akasema ni ndefu mno, hazisomeki. Msimamizi wa usafirishaji naye akalalamika kuwa nimeyaacha maneno yake. Watu husema wote kwa pamoja, Kiswahili hiki, Kiingereza hiki. Nifanyeje?
*Karani, Shimanzi*

Marahaba mwanangu, na pole kwa mkono. Bidii unayo, ila umeitia pasipo pake. Umeandika mazungumzo, na wenzako walihitaji maamuzi.

Sisi wa zamani tulifunzwa hatimkato, yaani maandishi ya alama fupi za kuandika upesi, ile aliyoibuni Mwingereza Isaac Pitman mwaka 1837, na aliyeiva vizuri aliweza kuandika kila neno lililotoka kinywani mwa bosi. Ikadhaniwa kwamba huko ndiko kuandika kumbukumbu. Wapi! Tukirudi kwenye taipureta, sehemu kubwa ya daftari ilibaki daftarini. Kilichopigwa chapa ni nini kiliamuliwa, nani atakifanya, na lini. Kama hatimkato huna, basi umeepushwa na kishawishi hicho.

Hebu tuchukue mfano wa huko kwenu. Tuseme hoja ni makontena yaliyochelewa kutoka bandarini. Msimamizi wa usafirishaji anasema, "Dereva alikwama Makupa tangu alfajiri, mimi nimfanyeje?" Wa hesabu anadakia, "Si dereva, karatasi za mteja zilikuja na makosa, tukalipa ada ya kuhifadhi ambayo si yetu." Mwingine anakumbusha kwamba hata mwezi jana yalikuwa yayo hayo. Anayeshughulikia hati anajitetea kwamba huletewa karatasi saa za kufunga kazi. Dakika kumi na tano zimepita, sauti zimepanda, kisha mwenyekiti anasema, "Haya, tuendelee, hoja inayofuata."

Hapo ndipo kazi yako inapoanza. Inua mkono useme kwa adabu: "Samahani mwenyekiti, basi tumeamua nini?"

Swali hilo utalionea haya mara ya kwanza na ya pili. Liulize tu. Mara nyingi utagundua hakuna kilichoamuliwa, na kila mmoja alikuwa ameshafunga daftari akidhani mwenzake ndiye atakayeshughulika. Mwenyekiti atalazimika kusema jambo, nawe ulisome kwa sauti ulivyoliandika, watu wakubali kabla ya kusonga mbele. Zile dakika kumi na tano zikitua kwenye karatasi huwa hivi:

*KUMB 4: Kuchelewa kwa makontena. Mkutano uliarifiwa kuwa makontena mawili yalitozwa ada ya kuhifadhiwa bandarini kwa sababu hati za mteja zilikuwa na makosa. Iliamuliwa kuwa kuanzia Jumatatu tarehe 9, Karani wa Hati atakagua hati za kila mteja siku ile ile zinapopokelewa, na hati zinazofika baada ya saa kumi jioni zitakaguliwa asubuhi inayofuata. Msimamizi wa Usafirishaji ataripoti maendeleo katika mkutano ujao.*

Tazama yaliyoachwa. Makupa haipo, hasira hazipo, wala nani alimdakia nani. Lakini ile hoja ya karatasi za jioni imo, kwa kuwa ndiyo iliyobadilisha uamuzi. Hicho ndicho kipimo changu: neno likigeuza uamuzi, liandike, lisipougeuza, liache lipite. Na huyo msimamizi wako mweleze hivyo hivyo. Akitaka pingamizi lake liandikwe, ana haki, ila alitamke mle mkutanoni: "Naomba iandikwe kwamba mimi sikukubaliana." Utaliandika kwa mstari mmoja. Asikujie na pingamizi jipya kwenye ngazi baada ya chai.

Lugha iwe ya taarifa, wakati uliopita, nafsi ya tatu. "Kesho" igeuze tarehe. Sifa za watu usizitie: hakuna "alifoka", hakuna "alieleza kwa ufasaha mkubwa", hata kama aliyeeleza ni meneja. Tarakimu ikitajwa, omba irudiwe. Elfu kumi na tano na elfu hamsini hufanana sana feni la dari linapounguruma.

Sasa turudi nyuma, maana nusu ya kumbukumbu huandikwa kabla watu hawajaketi. Ajenda za afisi nyingi ni orodha ya majina ya vitu: "Usafi. Magari. Likizo." Ajenda ya namna hiyo ni kama matatu isiyo na bango la njia, watu watapanda lakini kila mmoja ana kituo chake. Andika kila hoja kama swali linalotaka jibu: "Nani atasimamia usafi wa bohari baada ya mkataba wa sasa kwisha?" Kando yake andika jina la atakayeileta na dakika alizopewa. Hoja nzito iwe juu, watu wakiwa na akili mpya. Na ile "Mengineyo" ya mwisho uifunge mapema: mkutano ukianza, mwenyekiti aulize nani ana la kuongeza, ulisajili papo hapo. Usipofanya hivyo, saa ya kuondoka imefika ndipo mtu anaibua suala la mishahara.

Notisi ya mkutano wa kila wiki, itoe Alhamisi pamoja na ajenda na kumbukumbu zilizopita. Saa nayo ina fitina yake hapa kwetu. Ukiandika "10" tupu, mgeni kutoka makao makuu Nairobi atafika saa nne asubuhi, na fundi wa bohari atatokea saa kumi alasiri, na wote wawili watakuwa wameheshimu notisi yako. Andika "saa nne asubuhi" kwa maneno. Usiweke mkutano saa mbili kamili ikiwa nusu ya wafanyakazi wanavuka feri ya Likoni. Ukihamia Ijumaa, uhakikishe umekwisha mapema, wanaokwenda sala ya Ijumaa wasikae wakitazama saa.

Siku yenyewe keti karibu na mwenyekiti, pale ambapo unaweza kumnong'oneza. Njoo na mifupa tayari: kichwa, tarehe, mahali, waliohudhuria, waliotoa udhuru, wasiotoa udhuru, na hoja zote zimepewa nambari na nafasi chini yake. Anayechelewa au kuondoka kabla ya mwisho, andika saa. Ipo siku mtu atadai hakuwapo jambo lilipopitishwa. Baada ya hapo mambo ni mepesi: kuthibitishwa kwa kumbukumbu zilizopita, aliyependekeza na aliyeunga mkono, yaliyotokana nazo, hoja mpya, mengineyo, saa ya kufunga, tarehe ya mkutano ujao, nafasi ya sahihi mbili. Ile insha yako ya shule haikukudanganya.

Rasimu iandike siku hiyo hiyo, hata kama ni baada ya chakula cha mchana na usingizi unakuita. Ukilala nayo, kesho utajikuta unaandika yale uliyotamani yasemwe.

Salaam Mama. Niko idara ya wafanyakazi katika hoteli moja pwani ya kaskazini. Palikuwa na kikao cha nidhamu cha mhudumu wa mkahawa aliyedaiwa kuondoka kazini kabla ya saa. Mimi ndimi niliyeandika. Alijitetea kwamba msimamizi wake alimpa ruhusa, nami nikaandika hivyo. Sasa meneja anataka niiondoe sentensi hiyo kwa kuwa "haina uzito", kisha nipeleke karatasi aitie sahihi. Nina watoto wa kusomesha. Nifuate lipi?
*Mwandishi, Bamburi*

Ndugu yangu, sentensi hiyo usiiondoe. Nitakupa na njia ya kusema hivyo bila ya kujichongea.

Nimemwambia mwenzako hapo juu aandike maamuzi, aache mazungumzo. Kikao cha nidhamu kiko nje ya kanuni hiyo. Humo maneno ndiyo yenye kazi: shutuma ilivyosomwa, swali lilivyoulizwa, mtu alivyojibu, kwa maneno yake yalivyo karibu kabisa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutokuwa na uwezo wa kimwili, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua mwenyewe, na amsikilize kabla ya kuamua. Karatasi yako ndiyo ushahidi kwamba alisikilizwa. Ukiutoa utetezi wake, umebaki na karatasi inayoonyesha mtu aliyeshutumiwa asiseme neno, na yule mwenzake aliyeketi naye alisikia kila kitu.

Mweleze meneja hivyo, kwa upande wa maslahi yake. Kesi ikifika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo hapa hapa Mombasa, kifungu cha 43 kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha sababu ya kumwachisha mtu kazi. Kumbukumbu iliyokatwa humuumiza mwenye kuitoa. Kama utetezi ule hauna uzito, mahali pa kusema hivyo ni katika uamuzi: "Kamati ilimuuliza msimamizi, akakana kutoa ruhusa, na kamati ikaona vile na vile." Nakuuliza kando: huyo msimamizi aliitwa akaulizwa? Ikiwa hakuitwa, nahisi ndipo panapowasha.

Maneno ya kumwambia, ukiyapenda: "Bosi, sentensi hiyo ilisemwa mbele ya watu wote. Nikiitoa, mimi na wewe tutaulizwa. Kama kuna mahali nimekosea kuandika, naomba tulete marekebisho kikaoni, niyaandike." Yapeleke kwa barua pepe au kwa barua, kwa heshima zote, ubaki na nakala.

Marekebisho yana njia yake. Rasimu ambayo haijasambazwa, mwenyekiti anaweza kukuonyesha jina lililokosewa au tarehe iliyopinduka, ukasahihisha, hakuna ubaya. Ikishasambazwa, kosa hurekebishwa mbele ya waliohudhuria: unapiga mstari mmoja juu ya neno ili bado lisomeke, unaandika la sawa kando, mwenyekiti na katibu wanatia herufi za majina yao na tarehe. Ile rangi nyeupe ya kufutia iache kwenye droo. Na uamuzi wenyewe, hata ukiwa mbaya, haubadilishwi kwa kalamu. Huitishwa kikao kingine kikafanya uamuzi mwingine, na vyote viwili vikabaki katika faili.

Kwenye vikao vya nidhamu vya mbele, mpe mfanyakazi asome kabla ya kuondoka chumbani, atie sahihi kila ukurasa. Akikataa kutia sahihi, andika kwamba amekataa, na mwenzake ashuhudie. Daftari lako la mkono, lile lenye mikwaruzo, lihifadhi pamoja na faili.

Mama, kwa nini tusumbuke? Simu yangu inarekodi sauti vizuri. Nikiiweka mezani nikaandika baadaye nyumbani kuna ubaya gani?
*Mvivu wa Tudor*

Mvivu umejiita mwenyewe. Jaribu mara moja uone: mkutano wa saa moja utakuchukua zaidi ya saa moja kuusikiliza, ukirudisha nyuma kila watu wawili wanaposema pamoja, na honi za tuktuk za nje zitasikika kuliko mweka hazina. Wala simu haitauliza "tumeamua nini?"

Ikiwa waihitaji kwa kuhakiki tarakimu au jina, sawa, lakini si kwa siri. Sauti ya mtu ni taarifa yake binafsi, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Mwenyekiti atangaze mwanzoni kwamba mkutano unarekodiwa na kwa sababu gani, waliopo wakubali, nawe uandike katika kumbukumbu kwamba walikubali. Akitokea asiyetaka, zima simu uchukue kalamu. Usiitume sauti hiyo kwenye kundi la WhatsApp la afisi, hata kwa yule aliyekosa kuja akakubembeleza. Kumbukumbu zikishathibitishwa na kutiwa sahihi, ifute kwenye simu, kisha ukatazame na kule mtandaoni ambako simu hujihifadhia nakala yenyewe bila ya kukuuliza.